Nusu ya Ibrahim

Majina elfu mbili mia nne na kumi na saba yalikaa kwenye diski moja ya zamani, na diski yenyewe ilikuwa wazi kama kidonda. Mwenye kuiiba angewasoma waliouawa Beni tangu 2014 na, kibaya zaidi, mashahidi walio hai. Mwaka jana nakala moja ilinyang'anywa barierani, kwenye kizuizi cha barabara. Wiki mbili baadaye shahidi mmoja wa mtaa wa Ruwenzori alitolewa nyumbani kwake, hakurudi. Tume za uchunguzi zikaja, zikaandika, zikanywa soda, zikaondoka.

Ndiyo maana Gracieuse, mtunza mashine wa chama cha familia za marehemu pale Butembo, aliunga diski nne mpya kwenye kompyuta yake ya Linux. Moja ikifa, tatu zinabeba mzigo wake. Zote akazifunga kwa msimbo: bila neno la siri, ni takataka tupu. Neno lenyewe wakalikata vipande viwili, kama wanavyopanda mpaka wa shamba: jirani huyu ashike mche, yule afukie udongo, asiwepo wa kuuhamisha peke yake. Nusu ikawa yake, nusu ya Ibrahim, msafirishaji wa Beni aliyezika wadogo zake wawili. Gracieuse aliomba ufunguo wa akiba. Mwenyekiti, Pasta Onésime, akakataa katakata: "Ufunguo wa akiba ni wa mwizi."

Siku ya Jumanne, Ibrahim aliandika nusu yake kwenye mashine, Gracieuse amegeukia ukuta.

"Usichungulie, mama. Hata bibi yangu wa nyumbani, mama Asma, haijue hii."

"Bibi yako anajua yote, anakuhurumia tu."

Kunakili kutoka diski ya zamani kulichukua siku mbili. Akalinganisha faili moja moja, zote sawa. Alhamisi pasta akaingia na nyundo.

"Ulishavunja ile ya zamani?"

"Bado, pasta."

"Unangojea nini? Basoda na bunduki zao wanapekua nyumba kwa nyumba kule Rughenda! Unataka batu bafe?"

"Ninazima mashine kwanza. Ibrahim akuje kesho, tuifungue upya kwa nusu zetu zote mbili. Mulango uliofunguka mara moja, hatujui kama ni mulango."

"Weye na Linux yako!"

"Nyundo hairudishe majina, pasta."

Akazima. Diski nne zikanyamaza.

Ijumaa mchana simu ikalia: Asma, binti wa Ibrahim, sauti kavu. Gari la baba limechomwa barabara ya Mutwanga. Watu sita wameuawa. Baba yumo.

Pasta akakaa chini sakafuni, nyundo mapajani. "Donc... basi, zile diski ine?"

"Zimekwenda naye. Tunazifuta, tunaanza upya. Na ufunguo wa akiba utakuwapo, kwa mutu wa tatu, upende usipende."

Pasta akaiweka nyundo sakafuni.

Gracieuse hakulia, kilio cha Beni kina foleni. Alichomeka ile diski ya zamani, iliyo wazi, iliyo hatari, iliyo hai, akafungua orodha.

"Jina lake lote?" akamuuliza pasta.

"Ibrahim Yassini."

Akaandika: 2418. Chini yake akaacha mistari mitano mitupu, ya wale wengine wa barabara ya Mutwanga ambao bado hakuna aliyewataja.