Glasi Kwa Laptop ya Mutindi

Kama mtoto wako ana laptop na simu yake ikilia akiwa nje, wacha ilie. Usishike. Mimi nilishika.

Mutindi wangu alinunua laptop ya mkono wa pili. Haina Windows, ina kitu inaitwa Linux, na programu zake nyingi unachukua bure. Hiyo bure ndiyo ilinitia wasiwasi. Nani anapeana kitu bure mpaka huku Kilungu? Basi nikimaliza kukama nilikuwa nakaa karibu naye, naangalia zile picha kwa kioo.

"Huyu mbweha?"

"Ni wa kuingia intaneti, mwaitu," akasema; ndivyo Wakamba tunavyoita mama.

"Na hii koni ya trafiki?"

"Hiyo ni ya video. Si ndiyo tuliangalia nayo harusi ya Kaveke?"

"Sasa trafiki anaingiaje kwa harusi?"

Alicheka sana. Kuna ya kuandika barua, kuna ya kuchora. Mimi niliachia darasa la saba lakini nilishika karibu zote.

Wakati huo alikuwa anatafuta kazi kwa Mumina, mama Msomali mwenye duka la sare pale Makindu. Mumina alikuwa amenunua mashine inayoshona beji yenyewe, ikifuata mchoro wa kompyuta. Alimwambia Mutindi: lete mchoro Ijumaa, mashine ikiukubali, kazi ni yako. Msichana alikuwa amekaa nyumbani tangu amalize chuo. Hiyo Ijumaa niliiombea kanisani.

Alhamisi nikamkuta ameshika kichwa.

"Programu ya ile mashine ni ya Windows. Bila Wine haifunguki."

"Bila nini?"

"Wine. Ngoja, inaingia." Mvua ikaanza, akakimbia kuanua nguo.

Nikainama kwa kioo. Picha mpya. Glasi ya shingo ndefu, kitu chekundu ndani, imelala upande kama ya mlevi. Chini imeandikwa Wine, na hiyo Kiingereza naijua, ni mvinyo. Kwetu hata meza ya Bwana tunatumia juisi!

Simu yake ikalia, nikaishika, nikasema mimi ni mama yake. Mumina.

"Mama Mutindi, habari? Msichana amefika wapi na kazi?"

Na ule mshtuko, nikasema, "Anasema bila wine haifunguki."

"Bila nini?"

"Wine, dada. Hata mimi nashangaa. Iko hapa, nyekundu."

"Mwambie asije. Nitaita msichana wa Nyamai."

Mutindi aliporudi nikamwambia. Aliketi juu ya nguo zenyewe.

"Mwaitu! Wine ni programu! Inafanya vitu vya Windows vikubali kufunguka kwa Linux. Ni jina tu."

"Na glasi?"

"Ni picha! Yule mbweha amewahi kula kuku wako?"

Ijumaa tulifika Makindu kabla duka lifunguliwe. Mumina alitukuta mlangoni. Hakusalimu. Alisogea karibu na Mutindi kama anayetaka kusema siri, nikajua ananusa mdomo.

"Fungua hiyo chupa yako niione."

Mutindi akafungua laptop, akabonyeza glasi. Programu ya mashine ikatokea. Akaweka mchoro wake, mlima na jembe, akaunganisha waya. Sindano ikaanza kupiga yenyewe, kijani, halafu nyeupe. Ilipotulia, Mumina akageuza kitambaa, akavuta uzi kwa kucha. Haukutoka.

"Kwa hiyo hii ndiyo wine yenu."

"Ndiyo, mama."

"Haileweshi?"

"Inagoma tu siku zingine."

Mumina akacheka mpaka mtandio ukateleza. "Jumatatu njoo. Lakini wateja wangu wataona hiyo kioo. Hilo jina hapa kwangu, hapana."

"Kwani jina linabadilika?" nikauliza mimi mbio mbio.

"Chini ya picha unaandika unachotaka," Mutindi akasema, akaniangalia. "Mwaitu, niandike nini?"

Nikafikiria meza ya Bwana. "Andika Juisi."

Imeandikwa hivyo mpaka leo, na msichana yuko kazini. Lakini angalieni, mama wenzangu, hiyo kazi ilibaki kidogo iende kwa neno moja. Ukisikia mtoto ametaja kitu, muulize yeye mwenyewe kwanza. Na maneno yao hayaishi. Jana nilisikia Mutindi akimwambia mwenzake ati ameua demoni mmoja, sasa kompyuta inaenda vizuri. Simu ilikuwa hapo karibu na mkono wangu. Niliweka maji ya chai, nikangoja amalize, nikamuuliza. Kumbe demoni ni programu inayofanya kazi chinichini bila kuonekana, na kuiua ni kuizima tu.