Kanga ya Mwonjaji

Mwanamke tusiyemjua aliingia uani moja kwa moja, begi begani, ushungi umelowa jasho. Bodaboda ilikuwa imemshusha nyumba isiyo yake.

"Asalaam aleikum. Hapa ndipo kwa Mzee Shaib?"

"Waaleikum salaam. Nyumba ya tatu," alijibu Bi Semeni. "Lakini kaa kwanza unywe chai. Huyu Maryam anatufundisha kufa kwa njaa."

Wanawake wote wakacheka, nami nikacheka nao. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, na hilo lilikuwa somo langu la nne la afya pale Moa. Bango langu la vyakula lilining'inia ukutani, zuri, na halijamsaidia mtu.

Aliyenitia wasiwasi zaidi ni Bi Semeni mwenyewe, mpishi wa harusi. Alikuwa na kisukari, na kidole cha mguu kilikuwa na kidonda cha miezi miwili. Daktari alimwambia wazi kwamba sukari isiposhuka, kidole kitakatwa. Dawa alimeza. Chai yake ilibaki vijiko vinne.

"Bibi, punguza kidogo," nilimsihi tena.

"Mwanangu, wewe una miaka ishirini na minne na huumwi kitu. Na hicho kikombe chako umetia vijiko vingapi? Nimekuona."

Vitatu. Nilikiweka kikombe chini.

Mgeni akapokea chake. "Mimi bila sukari. Nina kisukari mwaka wa sita."

"Pole. Kwenu wapi?"

"Pemba. Naitwa Mwanakhamis. Kazi yangu kupikia harusi."

Bi Semeni akasimama na birika mkononi. "Mpishi? Na shira ya kaimati unaionjaje?"

"Siionji."

"Muongo wewe!"

"Kesho nikuoneshe."

Chuoni nilisoma kwamba mtu hubadilika akimwona anayefanana naye akiweza, kisha akajaribu mwenyewe na kuamini kwamba anaweza. Niliyaandika hayo kwenye mtihani nikafaulu vizuri. Nilipofika Moa nikabandika bango.

Kesho yake nilisimama mlangoni mwa jiko la Bi Semeni, nikitazama. Bi Mwanakhamis alichemsha sukari na maji iwe shira ya kumwagia kaimati, yale madonge ya unga ya kukaanga, akatia iliki, akadondosha tone kwenye kisahani, likapoa. Akalibana kwa kidole gumba na cha shahada, akaviachanisha polepole, shira ikavutika kama uzi.

"Ukiona uzi mmoja, epua. Utamu aonje msaidizi wako. Haya, zamu yako."

Mara ya kwanza shira ilikuwa maji. Mara ya pili iliganda, Bi Semeni akasonya. Mara ya tatu uzi ukavutika kati ya vidole vyake, mwembamba, ukimetameta.

"Maryam! Njoo uone!"

"Na chai je?" Bi Semeni akamuuliza baadaye, kwa sauti ya chini.

"Nilipunguza nusu kijiko kila wiki. Wiki ya kwanza nililia kama mtoto aliyeachishwa ziwa."

Siku ya kurudi kwao, Bi Mwanakhamis alimshika Bi Semeni mkono. "Niahidi kwamba kwenye harusi utakayoipikia miezi miwili ijayo, hutatia shira mdomoni."

"Nakuahidi."

Nami nikaahidi kupunguza sukari ya chai pamoja na Bi Semeni, nusu kijiko kila wiki. Ile wiki ya kwanza nilimwelewa Bi Mwanakhamis vizuri sana.

Siku ya harusi ilipofika, kidonda kilikuwa kimeanza kufunga. Mtaa ule una desturi yake: sahani ya kwanza ya kaimati huletwa kwa mpishi mbele ya wanawake wote. Akila moja, hupigiwa vigelegele na kufunikwa kanga mpya ya kisutu, ile ya heshima ya harusi. Bi Semeni alikuwa nazo kumi na moja sandukuni. Hakuna mpishi mwingine aliyewahi kufunikwa pale.

"Semeni, onja!"

Aliitazama sahani. Shira ilikuwa inateleza taratibu juu ya kaimati.

"Mpeni Tausi," alisema. Tausi ni msaidizi wake. "Leo aliyeonja ni yeye."

"Loo! Mpishi anaogopa chakula chake?" mmoja akatania.

"Naogopa kisu cha daktari, mwenzangu."

Wakacheka, kisha vigelegele vikaenda kwa Tausi. Bi Semeni ndiye aliyemfunika ile kanga. Aliinyoosha pindo begani mwa binti yule, akaishikilia kidogo, akaiachia.

Halafu akaja kukaa karibu nami, akamimina chai vikombe viwili, na bakuli la sukari akalisogeza kwa jirani.