Kifungo cha Koti la Ladányi

Bertalan alikuwa mtunza makoti katika mkahawa mmoja wa Budapest. Kazi hiyo ina sheria moja tu: koti likiingia mikononi mwako, lirudi kwa mwenyewe kama lilivyokuja. Miaka yote aliishika, akaja kuivunja kwa ajili ya kifungo.

Wanaume wa pale, mchana wateja wakipungua, walicheza mpira wa vifungo kwenye meza ya jikoni, watu wazima na masharubu yao. Kifungo ndiye mchezaji. Unamsugua ubavuni kwa msasa, unampaka nta tumboni, unamsukuma kwa kidole. Bertalan alikuwa na mabeki wazuri, vifungo vya suruali, lakini mbele hapakuwa na mtu. Ndipo Ladányi akaja na koti alilonunua London, vifungo vyeusi, vinene, vya pembe.

Ladányi alikuwa winga wa timu ya taifa. Tangu Wajerumani wawafunge kule Bern kwenye fainali ya Kombe la Dunia, mji mzima uliwanunia wachezaji, hata yeye aliyekaa benchi na mpira hakuugusa. Bertalan hakununa. Yeye alichukua mkasi.

Siku mbili baadaye Ladányi akarudi, kola ameibana kwa mkono.

"Mzee Bertalan, samahani. Nimedondosha kifungo. Hujakiona?"

"Hapana, mwanangu. Ngoja nikutazamie."

Akapiga magoti, akawa anapapasa chini ya makoti ya watu, na kifungo chenyewe kimo mfukoni mwake. Aliona aibu, lakini kidogo tu. Ikamjaa pale Ladányi naye alipopiga magoti, na goti lake, lililoharibika uwanjani, likalia kama bawaba yenye kutu.

"Inuka, mwanangu, utaumia."

"Tutafute wote. Mashabiki nimewazoea, ila mke wangu akiona pengo hili atanimaliza."

Bertalan akashindwa. Akakitoa, akamwekea kiganjani. Ladányi akakigeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo uliosuguliwa. Hakuna aliyekulia Budapest asiyeujua ukingo ule.

"Anacheza wapi?"

"Winga wa kushoto."

"Anafunga?"

Bertalan akatazama sakafu. "Jana manne."

"Basi mwache acheze. Angalau mmoja wetu bado anapendwa."

Akamrudishia. Kisha akapita kwenda kunywa kahawa yake, koti mwilini. Siku zote alikuwa akilivua na kumwachia Bertalan.

Mchana ule jikoni wakapanga timu.

"Winga wako yuko wapi?" akauliza Gáspár, mpishi.

"Amepotea."

"Muongo wewe. Umeona leo utachapwa."

Lakini alipomtazama usoni, Gáspár, na kitambi chake chote, akavua aproni, akaingia chini ya meza kumtafutia. Wahudumu wawili wakamfuata. Bertalan akabaki amesimama, mkono umeubana mfuko.

"Piga magoti na wewe basi," Gáspár akasema kutoka chini. "Mchezaji si wako?"

Akapiga.