Ukuta wa Kutibu Macho

Mutale alikuwa darasa la tatu alipomwuliza mama yake kama shemine imebomolewa. Shemine ilikuwa palepale, lile bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba ambalo Lubumbashi nzima hulitazama kabla ya kutazama mawingu. Kunda, mama yake, aliacha vitumbula viungue kwenye mafuta. Alimshika mtoto mkono wakaenda dispanseri ya kambi ya wafanyakazi wa kiwanda.

Muuguzi pale alikuwa Honorine, ambaye mbele za watu aliitwa Sitwayen Mujinga, maana miaka ile majina ya watakatifu yalikuwa yamekatazwa na kila mtu aliitwa sitwayen, yaani raia. Alimziba mtoto jicho moja, kisha la pili, akasema macho haya yameanza kuona karibu tu. Miwani hapakuwa nayo.

"Usimufungie mu nyumba, Mama Mutale," alisema. "Kila mangaribi acheze kule mu majani, atazame mbali. Haitaponya, lakini itazuia isizidi."

Majani yenyewe yalikuwa kiwanja nyuma ya kambi: nyasi, jakaranda mbili na mti wa avoka ambao hakuna aliyekumbuka kuupanda. Ukisimama pale uliona mpaka shemine. Mutale akaanza kushinda huko na wenzake, na Kunda akaanza kulala usingizi.

Kosa alilifanya Honorine kwa nia njema. Kwenye mkutano wa chama, kilichokuwa kimoja tu nchini, alisimama akaomba kiwanja kile kisiguswe, kwa sababu kijani kinapumzisha macho ya watoto. Sekretere wa chama pale kambini, Sitwayen Mukuka, alikuwa anasinzia macho wazi, kama wakubwa wanavyojua kusinzia. Neno kijani likamwamsha. Bendera ya chama ilikuwa ya kijani. Mwezi uliofuata Komisa, mkuu wa serikali katika zone ile, alikuwa anakuja kuwatembelea, na Mukuka hakuwa na kitu cha kumwonyesha zaidi ya mfereji uliozibuliwa nusu.

Kabla mkutano haujaisha alikuwa amekwisha kuelewa kila kitu peke yake. Kijani kinatibu macho, chama ni kijani, basi chama kinatibu macho. Lakini nyasi, alieleza, hazina msimamo: kiangazi kikifika zinageuka rangi kama wasaliti. Ukuta uliopakwa rangi haugeuki.

Honorine alijaribu kusema kwamba jambo ni kutazama mbali. Aliambiwa akae.

Jumamosi ikapigwa salongo, kazi ya wote isiyo na mshahara, na ukuta ukasimama katikati ya kiwanja, mrefu kuliko mtu, ukabakiza mwanya mdogo tu karibu na mti wa avoka. Jakaranda moja ilikatwa. Mukuka alisema inaangusha maua ya zambarau, na zambarau si rangi ya chama chochote anachokijua. Kisha ukuta ukapakwa kijani, na juu yake yakaanza kuandikwa kwa rangi nyeupe maneno ambayo watoto waliyaimba kila asubuhi: Kutumikia watu, hapana kujitumikia. Rangi nyeupe iliisha baada ya "watu". Wiki ileile milango na madirisha ya Mukuka yakawa meupe hata ukipita unafumba macho. Watu wa kambi walimpongeza kwa madirisha, na hakuna aliyeuliza neno.

Tangu hapo, kila mangaribi watoto walikalishwa mistari mbele ya ukuta kuutazama, bila kucheza, bila kugeuka. Kunda alisimama mlangoni akamwona mwanawe ameukazia macho kama mbuzi aliyefungwa. Alirudi jikoni akaiambia sufuria yote aliyotaka kumwambia Mukuka. Sufuria ilimsikiliza vizuri. Kunda alikuwa mwanamke wa haya, mtu akimwita jina mbele ya watu alitazama vidole vyake vya miguu.

Komisa akafika, abakosti, lile koti la wakubwa lisilo na tai, imepigwa pasi, miwani ya jua usoni. Watoto walicheza animasio, ngoma za kukisifu chama, na Mutale akawekwa mbele kwa sababu alijua kukata kiuno. Mukuka alieleza matibabu. Komisa akamnyooshea kidole Mutale, akamtaka asome yaliyoandikwa kule ukutani.

Mutale aliona ukungu wa kijani, basi. Lakini wimbo aliujua. Akanyoosha shingo, akasoma kwa sauti:

"Kutumikia watu, hapana kujitumikia."

Kambi nzima ilitazama ukuta, mahali palipokuwa hapana kitu. Mukuka aliangalia viatu vyake. Komisa, ambaye nyuma ya miwani ile naye sijui aliona nini, akapiga makofi, na wote wakapiga. Alitangaza kwamba katika zone nzima hakuna macho yanayoyapita ya mtoto huyu. Akambandika beji ya chama kifuani, akaagiza ukuta uongezwe mpaka ule mwanya uzibwe. Angerudi na watu wa gazeti.

Jioni Kunda alimwuliza mtoto aliona nini pale.

"Hakuna kitu, mama. Nilisoma mubaya?"

"Ulisoma muzuri sana," Kunda alisema, na akaitazama ile beji kwa muda mrefu.

Asubuhi, matofali ya kuziba mwanya yalipoanza kushushwa, alitoka amemshika mwanawe mkono, beji kifuani pa mtoto. Watu walikuwa wengi. Alitazama vidole vyake vya miguu, akasema navyo kwanza, kisha akainua uso.

"Sitwayen Mukuka, huyu mutoto anasema ukuta iko inalala. Itaangukia batoto."

Mukuka alicheka. Alisema ukuta umenyooka, hata kipofu anaona.

"Komisa alisema hakuna macho inapita ya huyu. Sasa nani alidanganya, tata? Mutoto ao Komisa?"

Kicheko cha Mukuka kilikwama katikati. Aliutazama ukuta. Jirani yake Kunda, Nkandu, mwanamke mwenye mdomo, akainamisha kichwa upande mmoja akasema hata yeye anaona. Mzee mmoja akaona kuliko Nkandu. Punde vichwa vyote vilikuwa vimelala upande, na mtu akiangalia vichwa vile, kweli ukuta ulilala. Mwishowe Mukuka naye akainamisha chake.

Jumamosi ikapigwa salongo tena. Waliojenga wakabomoa, kwa wimbo uleule. Komisa alihamishiwa Mitwaba kabla hajarudi, na Mukuka akabeba matofali akajengea kibanda cha kuku.

Kila mangaribi Kunda humwita Mutale chini ya avoka amwulize shemine.

"Iko palepale, mama. Haijakimbia."

Kuku wa Mukuka ndio sasa wanatazama kijani asubuhi na jioni. Macho yao hakuna aliyeyapima.