Zamu ya Kavuo ya Kupanguza

Falonne, mwanafunzi wangu, alivunjika mguu huko Beni, alikokwenda kumsalimu shangazi yake, na Mtihani wa Taifa ulikuwa umekaribia. Daktari alimkataza safari. Mimi, mwalimu mpya wa jiografia hapa shuleni Kimemi, niliamua kwamba hatapoteza mwaka kwa sababu ya mguu. Nikafungua ukurasa mmoja kwenye mtandao ili darasa zima liandike somo pamoja: kila benchi telefone moja, iliyoazimwa kwa mzazi, na Falonne kitandani kwake Beni, ndani ya ukurasa uleule.

Bwana Étienne, prefe wetu, yaani mkuu wa shule, hakupenda. Ametumwa kwetu kutoka Kananga, naye aliamini kwamba mwanafunzi huelewa kwa kunakili ubao.

"Prof Grady, telefone ni ya muziki," aliniambia. "Ijumaa nitakuja kuona. Kama ni muchezo, zote zinarudi nyumbani."

Sikuogopa. Wanafunzi walikuwa wameandika vizuri juu ya mmomonyoko wa ardhi. Muyisa alieleza mitaro iliyoikata barabara yao, Agar akaeleza miti iliyokwisha mlimani, na Falonne aliwauliza maswali makali kutoka Beni.

Ijumaa prefe aliingia, akakaa benchi la nyuma, akanyoosha mkono apewe telefone. Akaitazama. Akanitazama.

"Donc, somo iko wapi?"

Ukurasa ulikuwa mweupe kabisa.

Kavuo akasimama polepole. Wiki ile zamu ya ubao ilikuwa yake, na Kavuo hupanguza mpaka pembeni, asimwachie mwalimu anayefuata hata alama ya chaki.

"Prof, ni miye. Jana tulipomaliza nilipanguza tableau. Kisha nikapanguza na hii."

Darasa likalipuka kwa kicheko. "Aka!" Muyisa alipiga kelele. "Kavuo aliingiza kitambaa mpaka ndani ya telefone!"

Macho ya Kavuo yalijaa machozi. Nilijua kuna njia ya kurudisha yaliyofutwa, nikaanza kuitafuta. Kabla sijaipata, mstari ukatokea kwenye telefone zote: *Nani alipanguza? Haizuru, niko naandika tena.*

Falonne akaanza na mitaro, kama Muyisa alivyoieleza.

"Eh! Ile ni maneno yangu!" Muyisa akainamia telefone yake ili amtangulie. Agar akarudisha miti yake. Kavuo akajifuta uso, akaandika kuliko wote. Hakuna aliyechungulia kitabu. Somo walilijenga wenyewe, walijua kila kitu kilikaa wapi.

"Huyu wa kwanza ni nani?" prefe aliuliza.

"Falonne, Bwana Prefe."

"Mwenye muguu? Wa Beni?"

"Ndiyo."

Prefe akairudia telefone. Kisha kidole chake kimoja kikaanza kutafuta herufi, na darasa zima likasoma: *Kwetu Kananga, korongo lilikula nyumba ya baba yangu.*

Chini yake Falonne akaandika: *Pole sana, Bwana Prefe. Mulipanda nini kisha, kushika udongo?*

Prefe akakohoa. "Huyu mutoto anauliza sana," alisema, lakini alikuwa anatabasamu, na kidole kikaendelea: *Mianzi.*

Kengele ikalia. Kavuo akachukua kitambaa, akasita katikati ya ubao na benchi.

"Prof, nipanguze?"

"Tableau tu!" Aliyenitangulia kujibu, kwa sauti iliyofika hadi uani, alikuwa prefe.