Mchezo wa Kukaa Kimya

Mwanamke huyo alitokea upande wa kusini jua likiwa utosini, saa ambayo siku hizo hakuna mtu mwenye akili aliyetembea njiani. Yudith alimwona kutoka juu ya paa la tembe, alikokuwa akigeuza uwele ulioanikwa. Alishuka haraka, akamkamata bintiye Anyesi mkono, akamsukuma ndani gizani.

"Ni mmoja," alimwambia mama mkwe wake, Bibi Hana. "Mwanamke. Ana kifurushi kichwani."

"Mmoja ndiye ambaye askari humtanguliza," alisema Bibi Hana. "Anakuja kuomba maji, anaangalia tuko wangapi, kisha anarudi kuwaambia."

Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka wa pili wa vita. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuipoteza Kondoa, na kila siku ilisemwa kwamba watarudi nyuma kuelekea reli ya Dodoma, na kwamba njia yao itapita hapa Haneti. Jeshi linalorudi nyuma lina mizigo mingi. Wanaume walikwisha kuchukuliwa kuibeba, na Gideoni, mume wa Yudith, alikuwa miongoni mwao. Sasa walichukuliwa wanawake.

Kaya ya upande wa mashariki ilikuwa imekwisha kuona. Askari walipofika huko, wanawake walikuwa wamejificha porini, lakini mtoto mmoja alisahaulika amelala. Askari hawakumpiga. Walimfinya sikio tu, wakaendelea kumfinya, mpaka kilio chake kikafika porini na mama yake akatoka. Kisha wakamwambia mama huyo awaite watoto wa wenzake kwa sauti nzuri, sauti ya kuitia watu chakula. Watoto wakatoka mbio, na mama zao wakawafuata. Wanawake tisa waliondoka na masanduku vichwani. Hakuna aliyerudi.

"Mbukwa, wenyewe," mgeni alisalimu mlangoni. Alisalimu Kigogo, ila kwa ulimi wa Kirangi.

Bibi Hana alimwacha asimame juani kitambo kirefu. "Warangi mmeanza lini kutembea bila asali ya kuuza?"

"Asali tumewaachia nyuki, bibi. Wao hawakamatwi kubeba masanduku."

Bibi Hana hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimponyoka. Akampa maji.

Jina lake lilikuwa Batuli, na kwao ni Kolo. Miaka mitatu alikuwa yaya Morogoro, katika nyumba ya karani Mjerumani wa reli. Karani alipokwenda vitani, mkewe alihamia pwani, na Batuli akaanza safari ya kurudi kwao kwa miguu. Huko Kolo alimwacha mwanawe, Yahaya, kwa mama yake, akiwa bado ananyonya. Sasa angekuwa na miaka minne. Lakini mbele, kati ya Haneti na Kondoa, majeshi mawili yalikuwa yakitazamana, na hapakuwa na njia.

"Kaa hapa mpaka wapite," alisema Yudith, akashangaa kujisikia akisema hivyo.

Kaya ilikuwa na watoto watano wadogo. Mama zao walipokwenda kutafuta kuni na maji, Bibi Hana ndiye aliyebaki nao. Aliwafundisha kufinyanga ng'ombe wa udongo na kuwataja kwa rangi zao, aliwategea vitendawili, na ilipohitajika wanyamaze aliwatisha. "Nyamaza, askari anakuja." Na kila alipolitaja neno hilo, Anyesi, aliyekuwa na miaka minne, alianza kutetemeka, kisha akalia, na wengine wakamfuata.

Batuli alitazama siku mbili. Siku ya tatu aliketi karibu na Bibi Hana.

"Bibi, ng'ombe wako wa udongo ni wazuri kuliko vitu vyote vya yule mama wa Morogoro. Kwao Ujerumani kuna nyumba za kufundishia watoto wadogo. Wanachezea mipira ya sufu na vipande vya mbao, na wanalima bustani zao wenyewe. Alikuwa akiletewa magazeti yenye picha zinazoonyesha watoto wanavyofundishwa katika nchi nyingine. Wajapani wanakunja karatasi mpaka inakuwa ndege."

"Ndege wa kuliwa?"

"Wa kutazamwa."

"Basi wana shibe," alisema Bibi Hana.

"Na kuna nchi inaitwa Italia. Huko kuna mwalimu anayewafundisha watoto kukaa kimya, na hawatishi. Anaufanya uwe mchezo. Wanakaa kama mawe, wanasikiliza pumzi zao, kisha yeye anasimama mbali na kunong'ona jina la mmoja. Huyo anainuka, anakwenda kwa ncha za vidole. Halafu jina la mwingine, mpaka wote waishe. Mama wa Morogoro aliujaribu kwa wanawe, na mimi nilikuwepo. Mtoto anayeogopa analia, bibi. Mtoto anayengoja kuitwa halii."

Bibi Hana alitema mate pembeni. "Jaribu," alisema.

Siku ya kwanza mchezo ulidumu muda wa kupenga kamasi. Bartolomayo, mkubwa wao, mwenye miaka sita na tumbo lililochomoza mbele, aliuliza, "Nikinyamaza nitapewa nini?"

"Utapewa jina lako."

"Ninalo tayari."

"Hujawahi kulisikia likinong'onwa," alisema Batuli.

Alikwenda nyuma ya zizi, akalinong'ona. Bartolomayo aliinuka, akatembea kwa vidole huku mikono ameitandaza kama kuku, na uso wake ulikuwa umebadilika. Baada ya hapo wote walitaka. Kufikia siku ya kumi waliweza kukaa tangu maji ya ugali yanapotengwa jikoni mpaka ugali unapoiva. Yudith alisimama mlangoni akiwatazama, na kwa mara ya kwanza tangu Gideoni aondoke, alifikiri kwamba huenda wangepona.

Mahali pa kuwaficha walikwisha kupapata. Juu ya kisima palikuwa na mwamba wenye ufa, usawa wa kifua cha mtu mzima. Ufa ulikuwa mwembamba, mtu mzima asingeweza kupitisha hata mabega, lakini ndani ulipanuka kama tumbo la mtungi. Mtoto aliinuliwa, akaingizwa, akatambaa mpaka mwisho. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: mdomo wa ufa ulitazama kisima, na mtu mzima aliyesimama hapo alionekana na yeyote aliyekuja kuteka maji.

Kisha Batuli akaongeza sharti, na sharti hilo ndilo lililoleta ugomvi.

"Mtu mwingine akiwaita, msitoke. Hata mama. Mama akiwaita kwa sauti nzuri, kaeni. Mtatoka mkisikia mimi nanong'ona jina."

"Tangu lini," alisema Bibi Hana, "mtoto akafundishwa kutomwitikia mama yake?"

"Tangu kaya ya mashariki, bibi."

Jioni hiyo Yudith ndiye aliyepewa kazi ya kuwajaribu. Alisimama mbele ya ufa, akaita, "Anyesi, mwanangu, njoo ule." Kimya. Aliita tena, akataja maziwa, akataja baba yake kwamba amerudi. Ndani ya mwamba hapakuwa na hata mkwaruzo wa unyayo. Yudith alijifunika uso kwa nguo yake. Alikuwa ameshinda, na ilimuuma kama mtu aliyefiwa.

Batuli alipowaita na kuwashusha, Anyesi hakuondoka miguuni pake.

"Na ukisahau jina langu?"

"Silisahau."

"Na ukienda kwa Yahaya wako?"

Batuli alichuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa. "Siendi kabla sijakuita."

Walikuja asubuhi, wiki ya pili ya mwezi wa saba, upepo wa baridi ukivuma vumbi. Bibi Hana alikuwa wa kwanza kuliona lile vumbi lisilokuwa la upepo. Batuli aliwabeba watoto wawili wawili mpaka kwenye mwamba, akawaingiza, akaweka kidole mdomoni. Kisha watu wazima wakatawanyika kama walivyopanga. Bibi Hana, ambaye kwa uzee wake hakuna ambaye angemtwisha mzigo, alibaki nyumbani. Yudith alijilaza kwenye vichaka nyuma ya mwamba. Batuli alikimbilia kaskazini, ng'ambo ya kilima.

Walitarajia askari wapite. Hawakupita. Walishusha mizigo karibu na kisima, wakachinja ng'ombe wawili, wakawasha moto. Walikuwa na wapagazi wachache, na masanduku mengi yalibaki bila vichwa. Yudith, kidevu chake kikiwa chini mchangani, alielewa walichokuwa wakingoja. Mwanamke yeyote aliye hai angehitaji maji.

Mchana ukaisha, na usiku ukapita, baridi ikiuma. Kutoka kwenye mwamba haukutoka mlio wowote. Mwanzoni kimya hicho kilimpa Yudith faraja. Kulipokucha kilianza kumtia hofu kuliko sauti yoyote aliyowahi kusikia, kwa maana hakuwa na njia ya kujua kama ni cha watoto wanaocheza au cha watoto waliokufa. Mama wanne wengine walikuwa wametambaa mpaka hapo, wakakaa wamekumbatia magoti. Mmoja alizunguka mwamba kwa tumbo, akalala chini ya ufa, akamwita mwanawe kwa sauti ya chini mara nne. Hakujibiwa. Alirudi kwa wenzake.

"Wanakungoja wewe Batuli," alisema hewani, kana kwamba Batuli alikuwepo.

"Batuli amekwenda," alisema mwingine. "Askari wameondoka kaskazini. Njia ya kwenda kwao Kolo iko wazi. Ungekuwa wewe, usingekwenda?"

Yudith alijijibu moyoni. Yeye angekwenda.

Jua lilipofika juu, vichaka viliachana na Batuli akatokea akitambaa, viwiko vimechubuka. Alikuwa amefika mbali, aliwaambia, mpaka mahali ambapo vilima vya Kondoa vinaonekana vya bluu, na hakukutana na mtu hata mmoja njiani. Aliyasema hayo haraka, kama mtu anayetua mzigo, kisha akauliza, "Wamekunywa?"

"Hawajanywa tangu jana."

"Basi haiwezekani kungoja jioni."

"Ukisimama pale watakuona," alisema Yudith.

"Wataona mgongo wangu." Alifungua kanga yake ya pili, akaitanda mabegani ili imfanye mpana. Fundo lilimshinda, na Yudith akamfungia. "Nyie laleni chini, upande huu wa majani. Nitakayemshusha, mvuteni."

Alisimama mbele ya ufa, mgongo kwa kisima. Kule chini askari walikuwa wakila. Yudith, amelala chini miguuni pake, alimwona akifumba macho na kuvuta pumzi mara mbili. Kisha akanong'ona, taratibu, kama siku zile za nyuma ya zizi.

"Bartolomayo."

Mkwaruzo mdogo. Kisha uso mchafu, midomo imepasuka, na macho makubwa yenye furaha. Batuli alimshusha mbele ya kifua chake, na mikono ikamvuta majanini.

"Yotham."

Yotham alikuja akichechemea, mguu umekufa ganzi.

"Ruthu."

"Wee," sauti ilisikika kutoka kisimani. "Wee mwanamke. Unafanya nini hapo?"

Batuli hakugeuka. Ruthu akashuka. Yudith alisikia chini bakuli la bati likitupwa, na kicheko cha mtu, na viatu vikianza kupanda mawe.

"Batuli," alinong'ona Yudith. "Waite wote kwa pamoja. Haraka."

Batuli alitikisa kichwa. Watoto wakiisikia sauti imebadilika, wangerudi ndani zaidi. Alifumba macho tena.

"Dorkasi."

Dorkasi alikuwa mdogo kuliko wote. Alikuja kwa magoti, na alichukua muda mrefu sana. Mama yake alipompokea alimziba mdomo, ingawa mtoto hakuwa na haja ya kuzibwa. Viatu vilikuwa vimefika nusu ya mteremko. Akina mama walianza kutambaa kuelekea bondeni, kila mmoja na wake kifuani. Akabaki Yudith.

"Anyesi," alinong'ona Batuli.

Hakuna kitu kilichosogea.

"Bibi wewe, shuka, au nikushushe?" Sauti ilikuwa karibu, yenye mzaha. "Umeficha asali humo?"

Bado palikuwa na nafasi. Kama Batuli angeinama sasa na kupita majanini, askari angekuta mwamba mtupu. Yudith alilijua hilo, na alijua kwamba Batuli naye analijua, na hakuweza kumwambia akimbie, wala kumwambia abaki. Alizishika nyasi kwa mikono yote miwili.

Batuli aliweka paji la uso wake kwenye jiwe. "Anyesi," alinong'ona, kwa sauti ileile, bila kuiharakisha hata kidogo. "Anyesi."

Ndani kabisa mtu alipiga mwayo. Mtoto alikuwa amelala. Alikuja akisugua macho, akakumbuka, akasimama kwa ncha za vidole pale palipomwezesha kusimama, kisha akatambaa mpaka kwenye mwanga.

"Nilidhani umekwenda," alisema kwa mdomo tu, bila sauti.

Batuli alimshusha polepole mbele ya kanga, akamtua majanini, akasukuma kichwa chake chini kwa kiganja. Yudith alimvuta. Aliona miguu ya Batuli ikigeuka, vidole vyake vikiwa na damu kwa kukatwa na mawe, kisha ikaondoka, ikishuka mteremko kumkuta askari kabla hajafika juu.

"Asali ipo, lakini nyuki wamenishinda, bwana," Batuli alimwambia. "Nionyesheni hilo sanduku."