Kabari ya Upande wa Kulia

Kabla hakujapambazuka nilisikia komeo la mlango wa jikoni likilia taratibu. Mwanangu alikuwa akitoka kwa kunyata asiniamshe. Hakujua kwamba niko macho.

Lori la marehemu mume wangu lililala uani miaka mingi, mpaka mwanangu na bintiye, ambaye ni fundi, walipoanza kulifufua. Juzi walirudisha ekseli ya mbele. Jana wakalijaribu, likavuta upande mmoja kama mbuzi anayepelekwa mnadani, nusura litumbukie mtaroni. Mwanangu akasema likivuta tena leo, analiuza chuma chakavu. Dada yangu anakaa kilimani, macho hayaoni tena, na miguu yangu haifiki huko. Njia ile haipandwi na gari dogo. Bila lori, tungekutana mazishini.

Nikawapelekea chai. Walikuwa wameshapima upepo wa matairi na kukaza kila nati, na hawakuona kosa. Nikawauliza kama siku ile ya ekseli walikuwa wanasemezana. Mjukuu wangu akacheka. Baba alikuwa amenuna, akasema, na yeye pia, kwa hiyo kila mtu alifunga upande wake kimya, yeye amelala kichwa mbele ya lori, baba kichwa nyuma.

"Kumbe mlilala mzungu wa nne," nikasema, "kama watoto wa kitanda kimoja."

Kicheko kikamkatika. Kati ya springi na ekseli, akanieleza, kuna kabari ya chuma iliyo nene upande mmoja, na unene hutazama nyuma, kwa gurudumu la kulia na la kushoto vilevile; moja ikigeuka, lori huvuta. Akatambaa na tochi.

"Baba, wewe unene uliuweka wapi?"

"Kichwani kwangu. Nyuma."

"Na mimi kichwani kwangu." Akamulika kabari ya upande wa kulia. "Yangu ndiyo imegeuka."

Nilingoja mwanangu amseme. Badala yake alimsogezea spana, akamshikia tochi, na safari hii akalala kichwa upande mmoja naye.

Jua lilipochomoza tulikuwa barabarani. Kwenye tambarare mwanangu alilegeza mikono kwenye usukani, na lori likaenda moja kwa moja, kama mtu anayejua kwao. Mjukuu wangu akanibana mkono. "Umeona, mke mwenza?" Nikamwambia mume wetu angejivuna.

Dada alikuwa amesimama mlangoni kabla hatujazima injini.

"Hilo ni lori la shemeji," alisema, akapapasa bodi mpaka akaufikia mkono wangu.

Tulikaa mpaka jioni. Wakati wa kuaga hakuuachia ule mkono.

"Mje tena," akasema. "Hata kama hamna la kuniambia, mje tu nilisikie lori likipanda."